Toba haiishii kwenye machozi: Funga hesabu zako ukingali hai

Jumamosi ya Novemba 16, 2024, majira ya saa 3 asubuhi, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, jijini Dar es Salaam, maduka yakiwa wazi na wateja wakiwa ndani. Kwa siku kadhaa nchi nzima ilifuatilia uokoaji. Waokoaji walizungumza na watu walionasa chini ya kifusi, wakawapelekea hewa na maji. Wengi walitolewa hai. Wengine, wasiopungua 29, hawakurudi tena nyumbani kwao.

Hawakuwa watu wa ajabu. Walikuwa wauzaji, vibarua na wateja waliokwenda kutafuta bei ya jumla, kama wewe unavyokwenda. Waliaga nyumbani asubuhi kwa namna ile ile tunayoaga sote, yaani kwa haraka.

Msiba wa namna hii huacha swali moja kwa kila aliyenusurika kwa sababu tu siku hiyo hakupita pale: ingekuwa mimi, ningekutwa katika hali gani? Swali hilo huwaka wiki ya kwanza. Misikiti na makanisa hujaa, watu husali kwa machozi, simu zinajaa ujumbe wa kukumbushana kifo. Wiki ya tatu foleni inarudi Msimbazi, mizigo inapanda kwenye maguta, na swali linapoa kabla halijajibiwa.

Makala hii inamhusu mzazi ambaye angependa kulijibu kabla halijapoa.

Waliokufa hawakuwa wabaya kuliko sisi

Tuanze kwa kuondoa kosa moja linalojirudia kila baada ya ajali kubwa. Utasikia mtu akisema, hata mbele ya wafiwa, kwamba Mungu amewaadhibu waliokufa. Wanaonena hivyo hudhani wanahubiri toba. Kwa kweli wanaikimbia, kwa sababu wanaipeleka kwa watu ambao hawawezi tena kujibu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu anaulizwa jambo karibu na hilo. Anataja mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18 mjini Yerusalemu. Anawauliza wasikilizaji kama wanadhani wale 18 walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa mji. Anajibu mwenyewe kwamba sivyo, kisha anaugeuza mjadala uwaelekee wao: nyinyi mliosimama hapa je, mmetubu? Katika Uislamu nako, mapokeo ya Mtume yanamhesabu aliyekufa kwa kuangukiwa na jengo miongoni mwa mashahidi, yaani watu wenye heshima mbele ya Mungu. Hakuna dini kati ya hizi mbili inayotupa ruhusa ya kusimama juu ya kifusi na kuwahukumu waliofukiwa.

Dar es Salaam imewahi kulipata somo hili hata kabla ya 2024. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya jiji, Mtaa wa Indira Gandhi, lilianguka na kuua watu 36. Siku takatifu haikulizuia jengo lisianguke.

Na tuseme hili waziwazi: majengo hayaanguki kwa sababu ya dhambi za wapangaji. Huanguka kwa nondo pungufu, zege dhaifu, ghorofa zilizoongezwa bila kibali, na ardhi iliyochimbwa chini ya nguzo. Baada ya ajali ya Kariakoo, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda timu ya kukagua majengo ya eneo hilo. Mwenye jengo bovu anayelia msikitini au kanisani, kisha akaendelea kukusanya kodi ya fremu bila kumwita mhandisi, bado hajatubu. Toba yake inaanzia kwenye nguzo.

Mfano huo wa nguzo unatufaa sote. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wengi wetu tukiuona ufa katika maisha yetu hatuuzibi, tunaupaka rangi. Tunaongeza sala na sadaka, tunaongeza aya kwenye ‘status’ ya simu, na ufa unabaki pale pale chini ya rangi mpya.

Toba ina hatua, na ya mwisho ndiyo nzito

Kariakoo ni mahali ambapo adhana na kengele husikika kwa karibu. Ndani ya ukoo mmoja unaweza kumkuta mjomba Muislamu na shangazi Mkristo wakichangia mahari ya mtoto mmoja. Kwa hiyo si vibaya tukaweka mafundisho ya pande zote mbili mezani, kwani juu ya jambo hili yanakaribiana kuliko wengi wanavyodhani.

Masheikh wanafundisha kwamba toba ya kweli ina masharti. Uache kosa lenyewe. Ulijutie. Uazimie kutolirudia. Na kama kosa linagusa haki ya mtu mwingine, kuna sharti la nne: umrudishie haki yake au umwombe radhi. Haki za waja hazifutwi na rakaa za usiku. Kuna mafundisho mashuhuri ya Mtume kuhusu mtu aliyefilisika, ambaye siku ya hukumu anafika na sala zake na saumu zake, lakini alimtukana huyu, akala mali ya yule, akampiga mwingine. Wanaomdai wanagawiwa mema yake mpaka yanakwisha. Ni picha ambayo mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo anaielewa bila kuelezwa: mtaji wote umeishia kulipa madeni.

Wakatoliki nao wanafundishwa kutafiti dhamiri, kujuta, kukusudia kuacha, kuungama na kutimiza malipizi. Aliyeiba haambiwi kwamba kuungama peke yake kunatosha, bali anatakiwa arudishe. Katika Mathayo sura ya 5, mtu anayeleta sadaka akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, anaelekezwa kuiacha sadaka pale pale, akapatane na ndugu kwanza. Na Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, toba yake tunaisoma kama hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa alipwe mara nne. Hata Wayahudi, wanaofunga siku nzima kila mwaka katika Siku ya Upatanisho, wanafundishwa kwamba siku hiyo haifuti kosa ulilomfanyia mwenzako mpaka kwanza umwendee yeye.

Kwa hiyo kila upande unatuambia jambo moja ambalo watu wa mjini tunalisema kila siku kwa maneno yetu: dawa ya deni ni kulipa. Machozi ni mwanzo mwema, kwani asiyejuta hawezi kulipa kwa moyo. Lakini anayelia bila kulipa amefanya kazi nusu.

Deni ambalo daftari lake limeungua

Usiku wa Julai 10, 2021, soko kuu la Kariakoo liliungua. Jengo lile, lililochorwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli na kujengwa miaka ya 1970, ni alama ya jiji. Moto ule uliunguza mali za wafanyabiashara wengi.

Sasa fikiria jambo moja. Biashara nyingi za Kariakoo huenda kwa mali kauli. Unachukua mzigo leo, unalipa ukishauza. Mara nyingi hakuna mkataba wa mwanasheria, kuna jina lako na kiasi kwenye daftari la mwenye mali. Tuseme ulikuwa unadaiwa Sh800,000 na mtu ambaye duka na daftari lake viliteketea pamoja. Yeye mwenyewe hakumbuki vizuri nani alichukua nini. Hakuna shahidi. Hakuna polisi atakayekuja.

Utakwenda?

Hapo ndipo mtu anapoweza kujua kama yuko tayari kukutana na Mungu wake, kuliko kwa kuhesabu mara ngapi amehudhuria ibada. Anayelipa deni ambalo daftari lake limeungua, anaamini kweli kwamba kuna daftari jingine. Anayenyamaza anasema kwa matendo kwamba alikuwa akimwogopa mdai tu, na sasa mdai hana ushahidi.

Huhitaji moto kupata mtihani huo. Upo katika mambo madogo ya kila siku. Muuza nafaka anayejua mizani yake inasoma zaidi. Mnunuzi anayemlazimisha mkulima ajaze lumbesa, ilhali anajua imekatazwa kisheria. Muuza simu anayesema kitu ni kipya na anajua kimefunguliwa. Mteja aliyerudishiwa chenji iliyozidi akatembea haraka kuelekea kituo cha mwendokasi. Mweka hazina wa mchezo wa kina mama ambaye ‘alizungusha kidogo’ hela ya wenzake. Mtu aliyekopeshwa na ndugu yake kwa machozi, na sasa akimwona anavuka barabara.

Jambo la kupunja vipimo limepewa uzito mkubwa katika vitabu. Qurani ina sura nzima, ya 83, inayoitwa kwa jina la wapunjao, na Mithali za Suleimani zinaitaja mizani ya udanganyifu kuwa chukizo. Si bahati mbaya. Mizani ni mahali ambapo hakuna anayeona isipokuwa wewe na Mungu, na mtu mwenyewe unayemwibia anakushukuru wakati anaondoka.

Wadai walio ndani ya nyumba

Kwa mzazi, hesabu kubwa mara nyingi haiko sokoni. Iko nyumbani, kwa watu ambao hawana nguvu ya kutudai.

Wa kwanza ni dada wa kazi. Katika nyumba nyingi za mjini yeye ndiye anayewaosha watoto wetu na kulala wa mwisho. Ni mara ngapi mshahara wake umecheleweshwa kwa sababu ‘mwezi umekuwa mgumu’, lakini mwezi huo huo tulichangia harusi? Ni mara ngapi amekatwa kwa sahani iliyovunjika? Ukimwambia atalipwa mwezi ujao ataitikia tu, kwa sababu hana pa kwenda. Kuitikia kwake hakukupi wewe msamaha.

Wa pili ni mtoto. Kuna mzazi aliyempiga mtoto kwa kosa la mwingine, akagundua baadaye, akanyamaza ‘asije akanizoea’. Kuna aliyemwita mtoto mjinga mbele ya wageni. Kuna aliyeahidi kila mwisho wa muhula kwamba atakwenda shuleni, na hajawahi kufika. Mtoto hawezi kukushtaki kwa mjumbe. Anaandika kimya kimya, na daftari la mtoto huwa haliungui.

Wa tatu ni mwenza. Hapa yapo maneno yaliyosemwa usiku, fedha zilizofichwa, na ukimya uliodumu miezi. Wa nne ni wazazi wetu, walioko kijijini au chumba cha uani, wanaopigiwa simu sikukuu tu.

Na wa tano ni yule mzazi mwenzio mliyeachana, ambaye analea peke yake. Baba anayetoa sadaka ya kujengea nyumba ya ibada wakati mtoto wake wa nje hajalipiwa daftari na sare, anajenga kwa matofali ya mtu mwingine.

Orodha hii inachoma, lakini dhambi tunazozijutia kwa urahisi ni zile zisizo na mwenyewe: uvivu wa kusali, mawazo mabaya, kusahau saumu. Zinahitaji toba, hilo halina ubishi. Ila hazitulazimishi kumtazama mtu machoni.

Ujumbe wa ‘kama nilikukosea’

Kila ikikaribia Ramadhani, Kwaresima au mwaka mpya, simu zetu hupokea ujumbe wa aina moja: kama kuna mahali nilikukosea kwa kujua au kutojua, naomba unisamehe. Umetumwa kwa watu 200 kwa mpigo mmoja. Nasi tunajibu kwa alama ya mikono miwili, yamekwisha.

Nia inaweza kuwa njema, lakini ujumbe huo una kasoro. Hautaji mtu, hautaji kosa, na hautaji nini kitafanyika. Aliyedhulumiwa anaupokea kwa saa moja na mtu ambaye hata hamjui mtumaji vizuri. Ni kama mdaiwa kusimama katikati ya Mtaa wa Kongo akatangaza kwa kipaza sauti kwamba anayemdai amsamehe, kisha akaondoka.

Toba inayofika ina mambo matatu: jina, jambo na tendo. “Dada, mwezi wa sita nilikukata Sh20,000 kwa simu iliyoanguka. Halikuwa kosa lako. Hela yako hii hapa.” Sentensi tatu fupi kama hizo zina uzito kuliko ujumbe mrefu wenye maua.

Uamsho uliorudisha majembe

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Miaka ya 1930 ulizuka uamsho wa kiroho uliohusishwa na kituo cha misheni cha Waanglikana cha Gahini, Rwanda. Kati ya waliouanzisha walikuwa Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church, waliokutana na kusali pamoja Kampala mwaka 1929. Uamsho huo ulienea Uganda, ukaingia Tanganyika kupitia upande wa Ziwa Victoria, ukafika Kenya. Walioingia waliitwa balokole, neno la Kiganda lenye maana ya waliookolewa. Ndiyo asili ya neno letu walokole.

Majirani hawakushangazwa na nyimbo zao peke yake. Walishangazwa kuona watu wakigonga milango kurudisha vitu walivyoiba, kulipa madeni ya zamani na kuomba radhi kwa waliogombana nao. Mtu aliyekuwa ameshasahau jembe lake aliliona likirudi mlangoni. Hata wasioamini walielewa kwamba kuna jambo limetokea.

Lakini historia hiyo hiyo ina onyo. Kuungama hadharani kulileta pia mizozo. Mambo ya faragha yalitajwa mbele ya umati, na baadhi ya waliokwisha kuungama walianza kuwapima wengine. Tunajifunza mambo mawili: kurudisha haki ni lazima, lakini kutangaza kila kitu mbele ya kila mtu si lazima, na pengine ni kumwumiza mtu mara ya pili.

Namna ya kufunga hesabu

Wenye maduka wana siku ya kuhesabu mali. Wanafunga mlango, wanashusha kila boksi na kuliandika, hata lililooza nyuma ya rafu. Waislamu wanaita kujihesabu huku muhasaba, na masheikh wengi wanahimiza kufanya kila usiku kabla ya kulala. Wakristo wengi wana desturi kama hiyo katika sala ya jioni. Kwa anayeanza, dakika 15 mara moja kwa juma zinatosha. Kaa peke yako, zima data, chukua karatasi. Jiulize haya:

1. Ni nani nikimwona barabarani ninatamani asinione?

2. Ni kitu gani cha mtu mwingine kiko mikononi mwangu: fedha, mali, kiwanja, cheti, siri?

3. Ni nani ananitegemea na nimemfanyia lile ambalo nisingethubutu kumfanyia mtu mwenye uwezo?

4. Ni jambo gani ninalifanya kila siku na ningeaibika mwanangu akiliona?

5. Nikifa leo usiku, familia yangu itajua nani ninadaiwa na nani?

Swali la tano ni la vitendo kabisa. Kwenye misiba yetu, kabla ya mazishi, msemaji wa familia husimama akatangaza kwamba anayemdai marehemu aje aonane na familia. Katika mirathi ya Kiislamu, baada ya gharama za mazishi, madeni hulipwa kabla warithi hawajagawana chochote. Mapokeo yanasema Mtume alikuwa akiuliza kama marehemu ana deni kabla ya kumswalia. Basi usiwaachie wajane na watoto kazi ya kubahatisha. Andika unaodaiwa na unaowadai, kwa majina na kiasi, uweke mahali mwenza wako anapajua. Karatasi hiyo moja ni sehemu ya maandalizi ya kiroho sawa na sala.

Baada ya kuandika, fanya moja. Usichague gumu kuliko yote, wala jepesi linalokupa sifa. Chagua ambalo mwenyewe anaumia hadi leo.

Kama huna fedha ya kulipa, nenda kamwone. Mwambie unakumbuka, na panga naye kiasi kidogo kidogo. Watu wengi Kariakoo wanasamehe nusu ya deni siku wanapomwona mdaiwa amekuja kwa miguu yake mwenyewe. Lakini usiende ukitegemea hilo. Na usilipe deni la toba kwa mkopo wa kausha damu, kwani utakuwa umehamisha dhuluma kutoka kwa jirani ukaipeleka kwa watoto wako.

Kama mwenye haki amefariki, warithi wake wapo. Kama umemtafuta kwa kweli na hapatikani, viongozi wa dini huelekeza kiasi hicho kitolewe kwa wahitaji kwa ajili yake. Muulize sheikh wako, padri au mchungaji, usijitungie hukumu inayokufaa.

Kama kosa ni la ndoa, kwa mfano uzinzi, usikimbilie kulimwaga usiku mmoja ili wewe upate usingizi na mwenzio aukose. Onana kwanza na kiongozi wa dini au mshauri unayemwamini. Kama linagusa afya ya mwenzio, vipimo na kinga haviwezi kusubiri.

Na kama kosa ni ukatili kwa mtoto, uliofanywa na yeyote nyumbani, hilo halimalizwi kwa sala ya familia wala kikao cha ukoo. Lina sheria. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na hupigwa bure. Kumficha mkosaji kwa jina la msamaha ni dhambi nyingine juu ya ile ya kwanza.

Jambo la mwisho hapa: unayemwomba radhi ana haki ya kukataa, au ya kuomba muda. Ukikasirika kwa sababu hakukusamehe haraka, ujue ulikwenda kutafuta utulivu wako, hukwenda kumrudishia yeye haki yake.

Watoto wanatazama

Wazazi wengi huuliza wawafundisheje watoto toba. Njia ya haraka tuliyorithi ni ya kutisha: ukidanganya utachomwa moto, ukiiba jengo litakuangukia. Mtoto anayetishwa hajifunzi kutubu, anajifunza kujificha vizuri zaidi. Na mtoto aliyeona picha za kifusi cha Kariakoo kwenye simu ya mama, ukimwambia ni adhabu ya Mungu, ataogopa kila ghorofa na kila kosa dogo.

Mwambie ukweli unaolingana na umri wake: jengo lilikuwa halina nguvu, watu wakubwa wanapaswa kulikagua, na Mungu anawapenda waliokuwa ndani. Ukweli huo hautamzidi uzito.

Kuhusu toba yenyewe, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ataijua siku atakapomwona baba amerudi dukani na chenji iliyozidi, naye ameshikwa mkono. Ataijua siku mama atakapopiga magoti usawa wa macho yake na kusema: “Jana nilikupiga kwa kosa ambalo hukulifanya. Nimekosa mimi. Naomba unisamehe.” Wapo wanaodhani heshima ya mzazi itashuka. Heshima haishuki kwa hilo. Mtoto huyo atajua kwamba kosa si mwisho wa mtu, kwamba nyumbani kwao ukikosea kuna mlango wa kurudia. Siku atakapokuwa na miaka 16 na jambo zito la kusema, ataukumbuka mlango huo.

Leteni pia desturi ndogo nyumbani. Usiku wa Alhamisi au Jumamosi, kabla ya siku ya ibada, kila mmoja mezani aseme jambo moja analomwomba mwenzake radhi, wazazi wakianza. Msifanye mahakama. Sentensi moja moja, kisha ugali uendelee.

Tayari maana yake nini

Watu wengi wakisikia ‘kuwa tayari’ wanawaza kuacha dunia: kuvaa kanzu nyeupe kila siku, kuacha biashara, kukesha. Lakini tumeona kwamba dini zetu zinataka jambo la karibu zaidi na gumu zaidi. Aliye tayari si lazima awe hana kosa. Ni yule ambaye kosa lake halikai mikononi mwake siku nyingi. Akivunja, anaunganisha. Akichukua, anarudisha. Akifika jioni, daftari lake lina mistari michache iliyo wazi, na familia yake inaijua.

Mtu wa namna hiyo anaweza kupita chini ya ghorofa za Kariakoo kwa tahadhari kama sisi wote, akidai zikaguliwe kama inavyotakiwa, lakini bila ile hofu ya mtu aliyeacha mambo njiani.

Mzazi mwenzangu, ulipofika kwenye swali la kwanza kati ya yale matano, kuna jina lilikujia. Halikuhitaji kutafutwa. Simu unayosomea makala hii huenda ina namba yake. Ifunge makala, umpigie.